Tulilipa taka ziondoke, zimekutwa mtaroni na jina la marehemu mama

Shikamoo Anti,

Sisi ni watoto wanne na mimi ni wa pili. Mama yetu ametangulia mbele za haki mwanzoni mwa mwaka huu. Baada ya arobaini tulikaa kikao tukakubaliana nyumba yake ya Tabata ipangishwe, kodi imsaidie mdogo wetu wa mwisho aliye chuo.

Kazi ikawa kuisafisha. Mama alikuwa hatupi kitu, Anti. Chumba cha uani kilijaa magodoro yaliyobonyea katikati, ndoo zisizo na mishikio, chupa, magazeti, makopo ya rangi, viatu vyetu vya shule ya msingi, mifuko ya dawa, na bahasha za hospitali zimefungwa kwa mpira mwezi kwa mwezi. Kaka mkubwa akasema ana vijana wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Mwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, alikuwa ametutajia laki na themanini, wale wa guta wakataka elfu arobaini kwa kila kitu tulichotoa nje, na kubeba wabebe wenyewe. Tukaona tumepata. Walienda na kurudi, wakaenda na kurudi, kila safari hata chai haijapoa. Mimi mwenyewe niliwasifu kwa uchapakazi.

Haikupita wiki, akaja mjumbe akiwa na mtendaji wa mtaa. Mkononi ameshika bahasha ya kaki iliyolowa, ina jina la mama. Magodoro yetu, viroba na takataka zote zimekutwa kwenye mtaro mkubwa unaoshuka bondeni. Kijana mmoja wa jirani aliyeingia kuzibua amechomwa na sindano. Mama alikuwa na kisukari, alikuwa anajidunga mwenyewe nyumbani. Picha ya ile bahasha imewekwa kwenye grupu la mtaa, na watu wameandika maneno ambayo siwezi kuyarudia.

Mtendaji anasema tumpe laki moja tuyamalize hapa hapa. Dada anasema tukatae, tuseme karatasi imepeperushwa na upepo. Kaka anazunguka vijiweni kuwatafuta wale vijana, na kwa jinsi ninavyomjua hatafuti mazungumzo. Mdogo wetu anasema vilivyobaki tuvichome uani Jumapili. Vilivyobaki ni friji bovu, TV mbili za chogo, betri ya gari, kabati la mninga, magodoro mawili, na kifusi cha choo cha zamani tulichobomoa.

Tumelipa kazi ifanyike. Sasa kosa ni letu au la waliobeba? Na hivi vilivyobaki tuvipeleke wapi?

Mtoto wa Marehemu, Tabata

* * *

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

La sindano nilikujibu kwa ujumbe siku ile ile, lakini naliweka na hapa kwa sababu wengi wanaosoma wana mgonjwa wa sukari nyumbani. Aliyechomwa na sindano ya takataka anaoshwa kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asiminye, asinyonye damu. Halafu anakwenda kituo cha afya, tena mapema, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Daktari ataangalia pia homa ya ini na pepopunda. Wewe ndiye uende naye, ulipe nauli na gharama, na umweleze daktari wazi kwamba sindano zilikuwa za insulini za mama. Usione haya. Habari hiyo inamsaidia daktari kupima hatari, na inampunguzia kijana wa watu hofu ya kulala akiwaza mabaya.

Sasa swali lako. Kosa ni la nani? Waliomwaga mtaroni wana kosa lao, hilo halina mjadala. Lakini taka ni zenu mpaka zifike dampo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi, na papo hapo inampa wajibu wa kuyatunza. Ukishuka kwenye sheria ndogo za halmashauri unakuta habari ya mwenye nyumba kukabidhi taka zake kwa mzoaji anayetambulika. Kijana wa guta aliyepita barabarani hatambuliki na mtu. Kwa hiyo dada asijitaabishe na upepo. Upepo haubebi magodoro.

Na tuseme ukweli kuhusu bei. Wewe umekulia Tabata, waulize wazee wa hapo watakusimulia dampo lilivyokuwa. Moshi mchana na usiku, inzi mpaka kwenye sahani. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda, Jiji likawa linaomba kuongezewa muda mpaka dampo likafungwa mwaka 1991. Taka za Dar es Salaam zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Kila dampo linapohama linasogea mbali, na safari inakuwa ghali. Niambie, guta la kukanyaga kwa miguu, lenye magodoro juu, litatoka Tabata litapanda mpaka Pugu na kurudi kabla chai haijapoa? Kwa elfu arobaini, kazi nzima, vijana wawili? Mwenye kirikuu aliyetaja laki na themanini alikuwa anahesabu mafuta, foleni ya barabara ya Pugu, wabebaji, na malipo ya getini. Pengine aliongeza kidogo cha juu, wangapi hawaongezi. Lakini bei yake ilikuwa ya kufika dampo, na ile ya guta ilikuwa ya kufika mahali ambapo nyinyi hamtaona. Hapo ndipo lilipo kosa lenu, na kaka yako alijue hilo kabla hajamkunja mtu shati. Wale vijana walifanya kazi ya elfu arobaini.

Kaka akiwapata, awape glovu na chepe. Wafanye kazi pamoja, na awalipe siku hiyo kama kibarua mwingine yeyote. Ngumi zitawapeleka polisi nyote, na taka zitabaki mtaroni.

Maana la kwanza kabisa ni mtaro. Msisubiri faini, msisubiri kikao. Mtaro ule unamwaga bonde la Msimbazi, na unajua mvua ikinyesha usiku mmoja Jangwani panavyofurika. Godoro moja likikaa vibaya chini ya kalvati, nyumba za chini zinaingiwa na maji ya choo. Ingieni na viatu vigumu, siyo kandambili, na glovu nzito za ujenzi. Vuteni kwa reki au jembe, msiingize mkono kwenye kiroba msichokiona ndani. Sindano ziokoteni kwa koleo, moja moja, mzitie kwenye dumu gumu la mafuta ya kula, mfunge kifuniko, mliandike SINDANO kwa maandishi makubwa, mlipeleke kituo cha afya mlichompeleka yule kijana. Wana utaratibu wa kuziteketeza. Dawa zilizokwisha muda nazo mkazikabidhi huko huko, msizimwage chooni. Na wewe msomaji mwenye mgonjwa wa sukari, dumu hilo lianze leo, siyo siku ya kuhama.

Mkitoa mzigo mtaroni msiurundike barabarani mkaondoka. Siku hiyo hiyo liwepo gari.

Kuhusu mtendaji na laki yake. Nenda ofisini kwake mchana, na ndugu mmoja, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Kiri kwamba taka ni zenu na eleza mnavyoziondoa. Kama kuna faini, ilipwe, lakini ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali kwenye simu au benki, na risiti itoke yenye jina la halmashauri. Sema hivyo kwa upole na utulivu: "Naomba namba ya malipo, nilipe sasa hivi." Halafu nyamaza. Kama laki ile ilikuwa faini halali, namba itatoka. Kama ilikuwa chai ya mtu, utashangaa jinsi jambo litakavyogeuka kuwa onyo la mdomo. Usimpe mkononi hata kama anasema ni kwa faida yako, kwa sababu pesa ya mkononi haifuti kosa. Wiki ijayo akija bwana afya wa kata na bahasha ile ile, utamwonyesha nini?

Ukiwa hapo ofisini uliza jambo la pili: mzoaji wa taka wa mtaa huu ni nani? Kila mtaa una mkandarasi au kikundi kilichopewa kazi, ndio hao mnaowalipa ada ya kila mwezi, na wengi wetu tunawajua kwa honi ya gari tu. Ada ile ni ya viroba vya jikoni. Haichukui kabati wala kifusi, kwa hiyo msije mkagombana nao getini. Lakini mzoaji huyo ana gari linaloingia Pugu kila mara, na kwa kawaida atakubali kufanya safari ya pembeni mkielewana bei. Akishindwa, tafuta kirikuu au kenta, na hapa ndipo pa kuwa makini.

Mwenye gari aje aone mzigo kwanza. Bei ya kwenye simu inabadilika akifika, na itabadilika upande wake. Muulize anamwaga wapi, umsikilize anavyojibu. Akisema "wewe usijali, Anti, utaona tu pamekuwa safi," huyo muage. Anayekwenda Pugu atakutajia Pugu, atalalamika foleni, atalalamika malipo ya kumwaga, na malalamiko hayo ndiyo unayoyataka. Kubalianeni wabebaji ni wa nani na kama kushusha kumo kwenye bei. Lipa nusu mzigo ukipakiwa, nusu akirudi na risiti ya dampo. Na njia ambayo haijawahi kumwangusha mtu ni hii: kaka yako apande mbele na dereva. Ana hasira nyingi na muda wa kuzunguka vijiweni, basi autumie muda huo kufika Pugu na kurudi.

Ila kabla gari halijaitwa, punguzeni mzigo. Mnalipa kwa ujazo, na nusu ya mlivyoorodhesha si taka.

Kifusi msikilipie hata senti. Piteni barabara za ndani mtaona vibao vya mbao, KIFUSI KINAHITAJIKA, na namba ya simu. Mtu anajaza kiwanja, atakuja na gari lake. Toeni tu vyoo vilivyovunjika na mabaki ya mabomba, na muulize kiwanja kiko wapi. Kama anajaza bonde la mto, mkatalie, mtakuwa mmerudi kule kule.

Kabati la mninga mnalitupa kwa sababu gani? Mninga wa zamani umekauka vizuri, fundi seremala yeyote wa Keko atauliza bei kabla hajaliona. Hata likiwa limeliwa mlango mmoja, mbao zake zinatengeneza meza. Magodoro mawili yaliyo makavu fundi sofa anaweza kuchukua sponji ya ndani akaikatakata kujazia mito. Yaliyotoka mtaroni hayo ni ya dampo, msimpe mtu.

Friji na betri vinanunuliwa na watu wa skrepa, kwa kilo, na hapa nakuomba ukae macho. Betri iuzwe nzima. Msikubali mtu aimwage maji yake uani ili abebe madini ya risasi peke yake, ile ni tindikali, inaunguza ngozi na kuua udongo, na watoto wa mpangaji wenu watacheza hapo hapo. Friji mpeni fundi friji, siyo kijana wa nyundo. Kijana wa nyundo anataka mota na shaba, atakata bomba, gesi itatoka yote, na atawaachia ganda na sponji yake. Fundi atachukua mota, milango, mpaka rafu za ndani.

TV za chogo ndizo ngumu. Wengi wanazipenda kwa sababu ya ile shaba iliyozungushwa nyuma ya shingo. Wanavunja kioo, wanachomoa shaba, wanaondoka. Kioo kile kina risasi ndani yake, na vipande vinabaki kwa mwenye nyumba. Mkipata fundi wa kuzitoa vipuri, mpeni zikiwa nzima. Mkikosa, zisafiri na gari la dampo zikiwa nzima vile vile, kaka akizishikilia. Vitu hivi vya umeme na betri viko kwenye kundi linalosimamiwa kwa kanuni, na anayekusanya chuma chakavu na taka za umeme kwa biashara anatakiwa kuwa na kibali cha mamlaka ya serikali ya mazingira. Ukimwuliza mnunuzi kibali asikasirike bali akakuonyesha, uza kwake hata kama bei yake ni pungufu kidogo.

Kuchoma hapana. Najua kila uani Dar pana doa jeusi, na kuna watu wanafagia Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa sababu serikali imesema, jioni wanawasha moto. Sponji ya godoro ikiungua inatoa sumu inayoweza kumwangusha mtu aliye chumba cha pili, na makopo ya rangi yaliyofungwa yanalipuka. Pamoja na yote mliyo nayo, mtaa unawaangalia nyinyi tu mwezi huu. Moshi ukionekana juu ya nyumba ya marehemu mtaongezewa kesi.

Nimebakiza lililonishtua kuliko mtaro. Bahasha za mama zilizofungwa kwa mpira mwezi kwa mwezi, nani alizipekua kabla hazijapanda guta? Mwanamke aliyepanga karatasi za hospitali kwa mwezi hakuacha karatasi za nyumba zikizagaa. Hati au leseni ya makazi, mikataba ya mauziano ya kiwanja, risiti za kodi ya jengo za zamani kabla haijahamia kwenye umeme wa LUKU mwaka 2021, kadi za benki na za mifuko ya jamii, vikoba, deni alilodai kwa jirani na lile alilodaiwa. Je, mmeshafungua mirathi? Kwenye barua yako sijaona msimamizi. Kikao cha watoto ni kizuri, lakini muhtasari wake unatakiwa ufike Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, mmoja wenu ateuliwe, na huyo ndiye mwenye mamlaka ya kuuza hata lile kabati au kumpangisha mtu chumba. Leo mnapendana. Mpangaji akianza kulipa, au shemeji mmoja akianza kuuliza maswali, mtatafuta karatasi ambayo pengine iko mtaroni.

Kwa hiyo mkishuka kule msitafute magodoro tu. Kila bahasha iliyofungwa na mpira iletwe nyumbani, ianikwe kivulini ukurasa kwa ukurasa, na isomwe na ndugu wawili pamoja. Zilizobaki uani zifanyiwe hivyo hivyo kabla ya kitu kingine chochote kutoka nje ya geti. Za hospitali zisizohitajika tena zichaneni zenye jina ndipo ziingie kwenye kiroba. Ugonjwa wa mama si habari ya kusomwa na mtaa.

Na grupu la mtaa. Dada yako atakwambia mnyamaze, litapita. Halitapita, kwa sababu picha ina jina la mama, na ni nyinyi mtakaotafuta mpangaji hapo hapo. Andika mara moja, baada ya kazi kuanza na siyo kabla, kitu kama hiki:

"Habari za jioni majirani. Taka zilizokutwa mtaroni ni za nyumba yetu. Tulimlipa mtu azitoe na hatukuhakikisha anazipeleka wapi, tunaomba radhi. Tumeanza kuzitoa leo asubuhi na gari la Pugu linakuja kesho. Kijana aliyeumia tumekwenda naye hospitali. Mwenye chepe la ziada au aliyekuta karatasi zozote za mama tunaomba atupigie. Tunaomba pia picha ya bahasha iondolewe."

Watakaojibu vibaya waache. Watakaouliza namba ya mwenye gari, wapeni.